Hendeli Iliyobaki Sigunga

Nasoro aliponiambia niiache ile diseli kwake nichukue injini ya guta, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, nilipaswa kusema hapana, nimalize chai yake, nirudi zangu Ujiji. Nilisema, "Fungua." Neno moja tu, na yeye alikuwa ameshashika spana.

Tangu nirudi, ninyi wenzangu wa barazani mnaniuliza maswali yaleyale. Kobe iko wapi? Mbona umerudi na boti? Mzee Hamisi anaendeleaje? Nimekuwa nikiwajibu nusunusu, mara nasingizia kikohozi, mara nasema swala imefika. Mdomo umekuwa mzito. Lakini nilisoma mpaka kidato cha nne na kuandika bado naweza, kwa hiyo nimeona niyaandike yote, mpokezane wenyewe, kisha tuzungumze mambo mengine.

Gungu, gereji kwa Nasoro

Wengi wenu mnaijua Kobe, ila wapo waliohamia mtaani karibuni. Ni gari tuliloliunda mimi na rafiki yangu Hamisi nyuma ya nyumba yangu, kwa mabomba ya maji, vyuma vya vitanda vya zamani, na magurudumu na giaboksi ya pikapu iliyokufa. Halina paa wala milango. Tulilikusudia kwa barabara za kusini, zile ambazo mvua ikinyesha hata bodaboda wanageuza. Mashine yake ilikuwa diseli ya kusagia nafaka, ya silinda moja, yenye tangi la maji lililo wazi juu na gurudumu zito la chuma ubavuni. Haikuzimika njiani hata siku moja. Mwendo wake, mtu mwenye haraka angeshuka akatangulia kwa miguu.

Mashine hiyo ilikuwa ya Idi, mtoto pekee wa kiume wa Hamisi. Idi alikuwa na kinu pale Ujiji, na alikuwa na mchezo wake: maji ya tangi yakianza kuchemka, anatumbukiza mayai ndani ya kipande cha wavu, yakiiva anawagawia watoto waliotumwa kusaga. Alipofariki kwa maradhi, kinu kikafungwa. Watu walikuja kuitaka mashine, Hamisi akakataa. Alinijia akaniambia, "Shabani, hii ikikaa kimya mimi nitaugua. Tuitafutie kazi." Ndivyo Kobe ilivyozaliwa. Na kila mwaka siku ya hitima ya Idi, dua ikishasomwa, Hamisi alipiga hendeli, mashine ikanguruma uani mpaka maji yakachemka, na watoto wa mtaa wakala mayai. Hatukuruka mwaka.

Kuiwasha kulitaka watu wawili. Mmoja anazungusha hendeli kwa nguvu zake zote, mwingine ameshika kidude cha kuachia upepo, anakiachia pale mashine inapopata kasi. Ukiachia mapema, hendeli inarudi nyuma na inaweza kuvunja mkono. Ukichelewa, nguvu za mwenzako zimepotea bure. Hamisi alizungusha, mimi nilishika. Hatukusemezana. Nilimtazama bega tu, nikajua. Ndiyo maana aliniita Mshika Upepo, hata mbele ya wakwe zangu.

Macho yake yakaanza kwenda, jicho moja kwanza, kisha la pili. Binti yake Zuhura, aliyeolewa Sigunga, akaja kumchukua. Tulimpeleka na Kobe yenyewe, yeye na mkeka wake na redio yake, na shemeji wa Zuhura akanisaidia kuiwasha nilipokuwa narudi.

Baada ya hapo nilibaki mimi na Kobe. Mke wangu, mnajua, alishatangulia. Watoto wako Mwanza na Dar es Salaam, wanapiga simu. Kila nilipotaka kuwasha gari ilinibidi nisimame mlangoni nimsubiri mpita njia. "Kijana, njoo unishikie hapa." Mmoja aliachia mapema, hendeli ikanipiga kifundo cha mkono mpaka nikakaa chini. Mwingine alishika huku anaongea na simu. Mwishowe nikaifunika turubai.

Ndipo Zuhura akapiga simu. "Shikamoo baba. Baba anasema mwaka huu hitima ya kaka isomwe huku. Anasema uje na Kobe." Nikasikia simu inanyang'anywa. "Mshika Upepo! Njoo na mashine. Macho yamekwenda lakini mkono bado ninao."

Nikaipeleka Kobe Gungu kwa Nasoro anikazie mkanda. Nasoro ni fundi mzuri, na alikuwa rika moja na Idi.

"Shikamoo mzee. Leo umetuletea kinu?"

"Marahaba. Nikazie mkanda, nina safari ya Sigunga, kuna hitima."

"Sigunga na hii? Mzee, utafika watu wanasoma ya mwakani." Mafundi wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, nisionekane nimekasirika. Akaiweka spana begani kama jembe. "Sikiliza. Hiyo diseli niachie mimi. Nina injini ya guta imesimama hapa, nzima. Inapozwa na upepo, haina habari ya maji. Unabonyeza hapa, inawaka. Humhitaji mtu."

Humhitaji mtu. Kama angesema ina nguvu zaidi, ningebishana naye. Kama angesema inakimbia, ningemwambia sina haraka. Alipogusa hapo, nikakiweka chini kikombe cha chai.

"Ila Mzee Hamisi," akasema, kama aliyekumbuka. "Hatasema kitu?"

"Hamisi macho yamekwenda," nikamwambia. "Hataona."

Nasoro alinitazama, kisha akainama chini kana kwamba ameangusha kitu. Mimi moyoni nikajipangia maneno: dua ni dua, mayai yatachemka hata kwenye sufuria, na Hamisi anamtaka Shabani, si chuma. Nikasema, "Fungua."

Tulibadilishana mkono kwa mkono. Tulishinda siku mbili tukichomea vishikio vipya na kupanga mnyororo uingie kwenye giaboksi, maana injini ile ilikuwa ndogo na ilikaa palipokuwa pa mashine kubwa kama mtoto aliyevaa koti la babake. Diseli ilipokokotwa kwenda nyuma ya gereji, niliangalia pembeni.

Ujiji mpaka mtoni Ilagala

Niliondoka alfajiri baada ya swala. Nilibonyeza kitufe, ikawaka mara moja, kwa sauti nyembamba ya haraka. Nakiri nilifurahi. Nilifunga mlango wa nyumba mwenyewe, nikatia ufunguo mfukoni, na kwa mazoea nikageuka kuaga. Hapakuwa na mtu wa kumuaga. Nikaondoka.

Mpaka Simbo nilikwenda kwa mwendo ambao Kobe haijapata kuujua. Bodaboda hawakunipita wakicheka kama zamani, walinipita wakinitazama. Lakini kabla sijafika sokoni nikasikia harufu ya chuma kilichopata moto. Nikasimama. Hilo ni kosa langu la kifundi, na silisukumi kwa Nasoro: injini inayopozwa na upepo nimeiweka nyuma ya kiti, kwenye kisanduku cha mabati, ambako upepo haufiki. Tena nimeitwisha gari lenye uzito wa guta tatu. Nikang'oa mabati ya ubavuni, nikakaa kivulini kungoja ipoe.

Alikuwapo mama mmoja anauza mihogo ya kuchemsha na pilipili.

"Mwakeye, mzee," akanisalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, mama."

"Hicho ni kitu gani?"

"Gari."

"La nani?"

"Langu na rafiki yangu."

"Na rafiki yuko wapi?"

"Ndiye ninamfuata, Sigunga."

"Basi mbebee na yeye." Akachagua vipande vizuri, akavifunga kwenye jani la mgomba, akaweka pilipili pembeni. Hakutaka kusikia habari ya kulipwa vile vya Hamisi. "Mwambie ametumiwa na mtu asiyemjua."

Nilisimama mara nyingine na nyingine. Nikitembea kidogo, napumzika. Kwa hiyo jua lilikuwa limeshapinda nilipofika mto Malagarasi, pale Ilagala, na kivuko kilikuwa kimekwenda upande wa pili na mifugo. Nikangoja na wenye baiskeli, wenye magunia ya dagaa, na mvuvi mmoja mcheshi aliyekuwa na kuku wawili kwapani.

Kiliporudi, yule wa kupanga vyombo akaizunguka Kobe. "Hili ni gari au mzigo?"

"Gari."

"Gari lina paa, mzee."

"Basi pikipiki."

"Pikipiki ya matairi manne?"

Yule mvuvi akadakia, "Andika jeneza. Mwenyewe si huyo yumo tayari!" Watu wakaangua kicheko. Mtani hakasirikiwi, nikamwambia kuku wake ndio wataanza kuzikwa, nao watazikwa tumboni mwangu. Ikawekwa zamu ya mwisho, baada ya lori.

Nikiwa nangoja zamu hiyo ndipo nilipofungua sanduku la vifaa chini ya kiti, natafuta spana ya plagi. Mkono wangu ukagusa hendeli.

Nilikuwa nimesahau kumpa Nasoro. Ilikuwa imefungwa kitambaa, na kwenye shikio Hamisi alikuwa ameizungushia mpira wa baiskeli, ambao umekuwa laini na umeshika umbo la kiganja chake. Nikakaa nayo mapajani. Gungu haikuwa mbali. Ningeweza kugeuza pale pale, nikalala kwangu, nikamwambia Nasoro arudishe kila kitu mahali pake, na nikamwambia Hamisi kwa simu kwamba nitachelewa, wanisubiri. Angesubiri. Nililijua hilo.

Wakaniita, "Mzee wa jeneza, ingiza!" Nikaifunga hendeli kwenye kitambaa, nikairudisha, nikabonyeza kitufe.

Katikati ya mto njaa ikanishika. Nikala mihogo yangu, na nikijiambia itachacha kabla sijafika, nikala na ya Hamisi.

Sunuka

Safari ile ya kumpeleka Hamisi, tulipita kijiji kimoja baada ya kingine na mashine yetu inapiga du-du-du, na kila tulipopita wanawake walitoka mbio na madebe ya mahindi na makopa ya muhogo. Walidhani kinu kinahamia kwao. Hamisi alikuwa anawajibu kwa Kiha, anawaambia tunasaga barabara tu leo. Walitutukana kwa mapenzi. Hamisi alicheka mpaka machozi yakatoka kwenye macho yale yasiyoona.

Safari hii hakutoka mtu. Sauti ya injini ya guta wanaijua, inapita kila siku na matofali na kreti za soda. Nilikuwa na ziwa mkono wa kulia, maji yametulia, milima ya Kongo inaonekana kwa mbali kama moshi, na sikuwa na wa kumwambia tazama. Nilijikuta nasema peke yangu. "Shimo hilo." "Kata kushoto." Yalikuwa maneno ya Hamisi, ya wakati bado anaona.

Nilifika Sunuka jioni, petroli iko chini kabisa. Nilishuka mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, nikamkuta jamaa na madumu yake, nikanunua, nikamimina. Sikuuliza. Sikunusa hata. Pale anayenunua petroli ni mvuvi, na mashine za mitumbwi zinataka petroli iliyochanganywa na oili, basi muuzaji anaichanganya kabisa dumuni, na kwa kuwa mashine zao zimechakaa anaichanganya nzito. Mtoto wa Ujiji yeyote anajua jambo hili. Fundi wa maisha yangu yote, nimekulia kando ya ziwa hili, nikamimina ndani ya tangi mafuta ya mtumbwi.

Nilikaribishwa kulala kwa Mama Pendo, jirani wa msikiti, mjane kama mimi, anayeuza ugali kwa wavuvi. Aliniwekea ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, akakaa mbali kidogo, ananitazama.

"Wewe si yule wa kinu?" akauliza. "Mlipita hapa na mzee asiyeona. Nilikimbia na debe langu mpaka barabarani, mkaniacha nimesimama kama mjinga."

"Ndiye mimi. Utusamehe, mama."

"Leo sikukusikia. Kinu umekipeleka wapi?"

"Nimekiacha Gungu."

"Na yule mzee, ndiye aliyekuwa mwenyewe?"

"Ilikuwa ya mtoto wake."

Akanisogezea bakuli la samaki. Baadaye akasema, "Haya, kula, mzee. Samaki anapoa."

Sunuka mpaka Sigunga

Ile ndiyo siku ya hitima. Walikuwa wamesema dua itaanza baada ya Adhuhuri. Nilibonyeza kitufe, injini ikakohoa, ikatoa moshi wa buluu uliomfanya Mama Pendo afunge dirisha. Nikaunusa moshi ule ndipo nikajua nimefanya nini. Dukani hapakuwa na petroli nyingine asubuhi hiyo. Nikaondoka hivyohivyo.

Sitawachosha na kila mahali niliposimama. Plagi ilijaa masizi, nikaifungua, nikaisugua kwa msasa, nikawasha vijiti nikaikausha motoni, nikairudisha. Ikaenda mpaka kilima kinachofuata. Tena. Mara ya tatu au ya nne akatokea bodaboda amebeba mama na mtoto, akasimama.

"Shikamoo mzee. Umeweka ya mtumbwi?"

"Marahaba. Nimeweka."

"Pole. Wageni wengi wanaingia hapo."

Sikuwa na nguvu ya kumwambia mimi si mgeni. Alinipa kichupa cha petroli yake safi, akakataa malipo, akasema wakikutana na mzee njiani kwao hawamwachi hivihivi. Yule mama aliyekaa nyuma yake akauliza naenda wapi. Nikamwambia kwa Hamisi, baba yake Zuhura. "Eh! Kwenye mayai?" akasema. "Watoto wangu wameshakwenda tangu asubuhi. Yule babu amewaambia leo kuna mashine inachemsha mayai na haina jiko."

Nikapanda kilima cha mwisho kwa gia ndogo kuliko zote, injini inalia kama mbu, jua limeshavuka katikati. Kileleni hasa ikakamata. Wenye kujua mashine wanaelewa: pistoni imepata moto, imekwama ndani ya silinda, na gari linasimama kama limegonga ukuta. Nilikaa kitini. Ukimya ulikuwa mkubwa. Chini yangu nikaona mabati ya Sigunga na mitumbwi imepangwa mchangani. Kutoka pale juu, diseli ingesikika mpaka nyumba ya mwisho.

Nikautoa mnyororo, nikaiachia Kobe iteremke yenyewe, mguu kwenye breki. Pale tambarare inapoanza wavuvi waliokuwa wanaanua dagaa wakanisukuma mpaka kwa Zuhura. Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa.

Sigunga

Dua ilikuwa imesomwa, pilau imeliwa, wakubwa wengi wameondoka. Watoto hawakuondoka. Walikaa wamepanga mstari ukutani, wamekumbatia magoti, na katikati yao kikapu cha mayai. Hamisi alikuwa kwenye kiti karibu na lango. Amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na mikono ya kanzu ameikunja mpaka juu ya viwiko, tayari kwa kazi.

"Ni nani hao wanasukumana?"

"Ni mimi, Hamisi."

"Mshika Upepo!" Akainuka, akacheka, akanyoosha mikono nikamkumbatia. Alikuwa amekonda. "Tangu asubuhi nimetega sikio. Nimewaambia hawa, mtamsikia tangu kilimani. Mbona unaingia kimyakimya kama mwizi wa kuku?"

"Imenizimikia kilimani."

"Ile? Inazimika?" Akakunja uso kifundi. "Maji uliweka?"

Nikakung'uta vumbi la nguo. Alidhani nimechoka.

"Haidhuru. Nipe hendeli, wewe shika kidude chako. Hawa wamenichosha, wananidai mayai kama nimeyataga mimi." Watoto wakacheka. Zuhura naye akacheka, lakini alikuwa ameshaiona Kobe, na kicheko kikamwishia njiani.

Hamisi alikuwa amenyoosha kiganja. Nilifungua sanduku, nikaitoa hendeli kwenye kitambaa, nikampa. Mpaka leo sijui kwa nini sikusema pale kabla sijampa. Mkono umenyooshwa, nikaujaza.

Akaizunguka Kobe akiipapasa, maana kila mchomeleo anaujua. Akafika ubavuni, akatanua miguu kama anavyotanua siku zote, akainama, akaingiza hendeli pale inapoingia. Ikapita hewani. Akajaribu tena, chini kidogo. Kisha akaibana kwapani na kuanza kutafuta kwa vidole. Akagusa waya. Akagusa mapezi madogo ya kupozea, bado yana joto. Akapanda juu kutafuta tangi la maji, pakawa hapana kitu. Alipapasa taratibu, kila mahali, kama anayemtambua maiti. Kisha akasimama wima.

"Idi umemwacha wapi?"

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Gungu," nikasema. "Kwa Nasoro. Tulibadilishana." Nikaendelea, "Nilikuwa siwezi kuiwasha peke yangu, Hamisi. Hapakuwa na mtu."

Akaitoa hendeli kwapani. Watoto walikuwa wananitazama mimi.

"Ungeniambia," akasema. "Ungeniambia huwezi peke yako, ningerudi Ujiji nikuzungushie."

Hakugomba. Alimgeukia Zuhura. "Mama, chemsha mayai jikoni. Watoto wasirudi kwao bure." Mtoto mmoja wa kike akasema, "Babu, mashine haijalia." Mayai yakachemshwa kwenye sufuria, juu ya mafiga, kama nilivyokuwa nimejipangia mwenyewe moyoni kule Gungu. Na mimi nikapewa moja. Nililimenya nikalila, huku Hamisi amekaa amelaza hendeli mapajani.

Nilihudumiwa vizuri. Maji ya kuoga, samaki kuhe wa kukaanga, kitanda chenye chandarua. Asubuhi shemeji wa Zuhura aliifungua injini, tukaona pistoni imekwaruzika vibaya, ikaamuliwa Kobe ibaki na mimi nipande boti. Hamisi alinisindikiza mpaka mwaloni akiwa amemshika Zuhura bega. Hendeli alikuwa nayo mkono wa pili.

"Mzee Shabani," akasema, "safari njema."

Katika umri wetu wote hajawahi kuniita mzee.

Katonga

Boti ilikuwa imejaa mawese na watu, na hakuna aliyenisemesha, nikashukuru. Tulishukia Katonga. Sikwenda nyumbani, nilipanda bodaboda moja kwa moja mpaka Gungu.

"Nasoro, nirudishie diseli yangu."

Akaacha kazi, akapangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mzee, nilidhani umeshaiacha. Walikuja watu wa mitumbwi wa Katonga wakalitaka lile gurudumu la ubavuni. Tulipolitoa, iliyobaki ikawa haina kazi, ikaenda kwenye chuma chakavu. Samahani, mzee. Nilikuuliza." Ni kweli, aliniuliza.

Nikarudi Katonga kwa miguu. Nilitembea mchangani kati ya vyombo mpaka nikaliona lile gurudumu. Limepitishwa kamba nene kwenye tundu la katikati, limelazwa kwenye omo, mbele ya mtumbwi, limeanza kushika kutu ya maji. Mwenyewe alikuwa anashona wavu.

"Hiyo nanga, mzee? Nzuri sana. Haijaburuta hata siku moja."

Nikamweleza ilikuwa ya nani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka sindano chini. "Pole sana, baba. Lakini hata nikikupa, utaiwasha na nini?"

Nimekuwa nikipiga simu kila Ijumaa. Zuhura anapokea. "Shikamoo baba. Baba amelala." Mchana, amelala. Jioni, amelala. Wiki iliyopita nilisikia kikohozi karibu kabisa na simu, kikohozi ninachokijua, na bado nikamwambia Zuhura amsalimie akiamka.

Basi mlitaka kujua. Kobe iko Sigunga uani kwa Zuhura, kuku wanataga kwenye kiti changu. Hendeli anayo Hamisi, na Zuhura anasema analala nayo. Nilibadilisha mashine ili nisimhitaji mtu. Alikuwapo mtu mmoja, kipofu, ambaye angerudi Ujiji kwa ajili ya kunizungushia hendeli, na huyo hasemi nami tena.